Alama za Meno Kwenye Kijiti

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, msichana huyu alikuwa na kazi moja aliyoifanya bila kutumwa na mtu: kunusa kikombe. Alikigeuza, akachungulia ndani, akapeleka pua, kisha akakisuuza upya hata kama mama yake alikuwa amekiosha dakika mbili tu zilizopita. Kijiko nacho vivyo hivyo. Taulo la mdogo wake hakuligusa kabisa. Sabuni ikiwa na unywele juu yake aliishika kwa ncha za vidole viwili, uso umemkunjamana, akaenda kuitupia nje kwenye ndoo ya maji ili unywele uondoke wenyewe.

Cha ajabu ni kwamba mama yake alikuwa dobi wa hospitali. Kutwa alifua mashuka yaliyochafuka kwa namna ambazo si vizuri kuzitaja watu wakila, na jioni alirudi nyumbani, akanawa, akala kwa hamu kama kawaida. Binti alishindwa kumwelewa. Alimuuliza mara nyingi kama haoni kinyaa, na mama alimjibu kila mara kwamba uchafu ni kitu cha kufua, hana muda wa kuukimbia.

Shuleni, wenzake wa darasa la sita walimpachika jina la Kinyaa. Mwingine angekasirika, lakini yeye jina lile alilipenda, maana lilimfanya ajione msafi kuliko darasa zima.

Basi ungeona vituko siku alipojiunga na bendi ya shule! Bendi ilikuwa na tarumbeta nne, ngoma kubwa moja na ngoma ndogo nane. Vijiti vya kupigia ngoma ndogo havikuwa vya mtu. Vilikaa vyote pamoja katika ndoo kuukuu ya rangi, na kila aliyefika mazoezini alichagua jozi yake. Mazoezi yakiisha, vilirudishwa ndooni, kisha kila mpigaji alichagua jozi nyingine ya kwenda kujifunzia nyumbani. Maana yake ni kwamba kijiti kimoja kilipita katika mikono minane kwa wiki. Kinyaa aliifikiria mikono hiyo mmoja mmoja, iliyofuta kamasi, iliyojikuna, iliyoshika viatu, na mate yakamjaa mdomoni.

Mwalimu wa bendi alikuwa mzee aliyewahi kupiga ngoma jeshini, na wote walimwita Koplo. Siku ya kwanza alivimwaga vijiti mezani akawaonyesha jinsi ya kuchagua. Kwanza alikiviringisha kijiti juu ya meza. Kilichonyooka kilikwenda kimya, na kilichopinda kiliruka-ruka na kugongagonga. Kisha akagonga ukingo wa meza kwa kijiti kimoja, akagonga kwa cha pili, akawaambia wasikilize. Vijiti viwili visivyo na sauti moja si jozi, hata vikifanana kwa sura. Mwisho alivipima uzito, kimoja kila mkono, macho ameyafumba.

Kinyaa alisikiliza yote hayo, halafu akachagua kwa njia yake mwenyewe. Alichungulia ndooni akitafuta vijiti vyeupe kuliko vyote. Vingi vilikuwa na weusi wa nongo pale vinaposhikwa, vimeng'aa kwa mafuta ya mikono ya watu. Lakini kila siku, juu kabisa, palikuwa na jozi moja nyeupe, kavu, isiyonata hata kidogo. Akaikimbilia hiyo. Na hata hiyo aliishika kwa leso.

"Mwanangu, umekishika kijiti au umekifunga bandeji?" Koplo aliuliza.

Kinyaa alisema mikono ya watu ina jasho. Koplo akacheka kidogo, akampa somo la kushika. Akakilaza kijiti juu ya kidole kimoja mpaka kikatulia bila kuangukia upande wowote. Hapo ndipo uzito wake ulipogawanyika sawasawa. Ukirudi nyuma kidogo kutoka hapo, alisema, weka kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule, halafu vidole vitatu vilivyobaki vizunguke tu. Ukikaba, kijiti hakirudi juu chenyewe kikishapiga, na ngoma inatoa sauti ya mlango uliokwama. Ukilegeza mno, kinaruka. Kinyaa aliitikia kwa kichwa na leso yake akabaki nayo.

Sasa, katika wale wapiga ngoma ndogo, aliyemtia kinyaa kuliko wote alikuwa kijana mmoja aliyeitwa Majasho. Hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Viganja vyake vilitoka jasho hata asubuhi ya baridi. Daftari lake lilikuwa na mawimbi kama limenyeshewa. Isitoshe, alitafuna vifuniko vya kalamu mpaka vikabaki bapa. Lakini kwenye ngoma, aisee, kijana alikuwa na mikono! Ndiye aliyesimama mbele, upande wa kulia, na ndiye aliyepiga peke yake mapigo manane ya kufungulia. Mashindano ya bendi za shule yalikuwa Jumamosi, na kwa wiki nzima iliyopita Majasho hakuwa na habari nyingine mdomoni. Bibi yake, aliyemlea, alikuwa ameshamshonea suruali ya bendi.

Jumatatu ya wiki ya mashindano, mmoja wa wapiga ngoma alitia mkono ndooni, akapiga yowe na kuutoa haraka. Vijiti kadhaa vilikuwa vimetafunwa upande wa kitako, ule mnene. Mbao zilikuwa zimechambuka nyuzinyuzi, na kimoja kilikuwa bado na unyevu, kimeshika kipande kidogo cha kitu cha kijani kilichotoka katikati ya meno ya mtu. Kinyaa alikitazama mara moja, tumbo likapanda mpaka kooni. Akakimbia hadi bombani akatema mate, akarudi, akakitazama tena, akatema tena.

"Ni huyu," alisema, akimnyooshea kidole Majasho. "Nani mwingine hapa anatafuna kila kitu?"

Wenzake wote wakageuka. Majasho akafuta viganja kwenye kaptula. Akasema kalamu zake ni kweli huzitafuna, hakatai, lakini vijiti hajatafuna hata kimoja. Hakuna aliyemwamini. Kinyaa aliendelea kuongea, akaeleza habari za mate na jasho na udenda kwa ufundi mkubwa, mpaka wapiga tarumbeta, ambao vijiti haviwahusu, nao wakaanza kusogea mbali na Majasho.

Koplo alisema kosa hilo si dogo. Mate hubeba maradhi, na vijiti hupita kwa wote. Kama hakuna atakayeleta habari nyingine mpaka mazoezi ya Ijumaa, Majasho hatapiga Jumamosi. Kwa sasa akae pembeni. Nafasi yake ya mbele akapewa Kinyaa, maana kwa masikio na kasi ndiye aliyemfuata. Kinyaa akaona haki imetendeka, na moyoni akafurahi.

Jumatano, hata hivyo, mambo yalimwendea mrama. Katika mapigo manane ya kufungulia, leso iliteleza, kijiti kikaruka kikampata mpiga ngoma kubwa kwenye sikio. Koplo alikuja, akaichukua ile leso akaitia mfukoni mwake. Kinyaa akashika mti mtupu kwa vidole vikavu vya woga, akakaba, na ngoma ikatoa ile sauti ya mlango uliokwama. Koplo akamwambia akapumzike kidogo, anywe maji.

Bombani alimkuta Majasho ameketi kwenye ngazi ya tangi. Kinyaa alitaka kupita, lakini Majasho akamwita. Kwa kijiti cha mti wa uani akamwonyesha anapokosea: alikuwa ameshika nyuma mno, kitakoni kabisa, kama mtu anayeogopa kuungua. Akamwambia ausogeze mkono mbele, kisha ahesabu vidole vinavyokaba. Vikiwa zaidi ya viwili, alegeze.

"Kama unaogopa jasho, tumia chaki," Majasho alisema, akatoa mfukoni unga wa chaki uliofungwa kwenye karatasi. "Mimi hujipaka viganjani kabla ya kupiga. Ndiyo maana vijiti vyangu huwa vyeupe vile."

Kinyaa aliutazama ule unga. Ile jozi nyeupe. Ile aliyoikimbilia kila siku kwa sababu ni safi kuliko zote, ilikuwa imetoka moja kwa moja viganjani mwa Majasho. Mgongo ulimsisimka kama amekanyaga konokono kwa mguu mtupu. Akageuka akarudi mazoezini bila hata asante. Siku hiyo mazoezi yalipoisha alichukua jozi hivyo hivyo, kwa kuwa Koplo alimtazama, akaenda nayo nyumbani. Mwenye kuitumia mazoezini alikuwa ameiga chaki ya Majasho, basi nayo ilikuwa nyeupe.

Alasiri hiyo mama aliwahi kurudi kutoka kazini. Alikuwa akipiga pasi, na Kinyaa amekaa mezani anafanya hesabu za sehemu, mkono wa kulia una penseli na wa kushoto una kijiti. Hesabu zilikuwa ngumu. Nyumba ilikuwa kimya, isipokuwa pasi ikipita.

"Chaki ina ladha gani?" mama aliuliza.

"Chaki gani, mama?"

"Hiyo uliyojipaka mdomoni."

Kinyaa akajitazama kwenye kioo cha ukutani. Midomo yake ilikuwa myeupe. Akatazama kijiti. Kitako chake kilikuwa kimelowa, udenda unateremka taratibu kuelekea vidoleni mwake. Alisema haraka kwamba lazima ni mdogo wake aliyekilamba, ndiye hutafuna hata penseli zote za Kinyaa. Mama hakuacha kupiga pasi. Akamkumbusha kwamba mdogo wake hana meno ya mbele tangu mwezi uliopita, ila penseli bado zinatafunwa kama kawaida.

Kinyaa akakisogeza kijiti karibu na macho. Palikuwa na alama moja pana, halafu pengo, halafu alama nyingine. Akapitisha ulimi kwenye jino lake la mbele, lile lililovunjika pembe siku alipoanguka bombani. Pengo ni lile lile. Na sasa akakumbuka, kwa sababu Jumatatu alivikagua kwa makini kuliko mtu yeyote, kwamba vile vijiti vilivyotafunwa vilikuwa na pengo hilo hilo.

Alitoka mbio hadi nyuma ya nyumba akatapika chai yote. Akapiga mswaki. Akapiga tena. Mara ya tatu akaupaka mswaki sabuni ya kufulia, povu likamjaa puani, machozi yakamtoka. Haikusaidia. Jasho lote la Majasho alilolikimbia kwa leso alikuwa amelitia mdomoni mwenyewe, siku baada ya siku, akalimeza. Na kile kipande cha kijani kilichomfanya akimbie kutema mate kilikuwa mboga ya chakula chake mwenyewe cha Jumapili.

Alhamisi hakukuwa na mazoezi, lakini Kinyaa aliona mengi. Darasani kikombe cha maji kilipomfikia Majasho, alirukwa, kikapelekwa kwa mwingine. Mtoto wa darasa la nne alipita akamwita Panya. Majasho aliinama akaendelea kuandika, mkono umefunika mdomo, hata kifuniko cha kalamu hakukitia tena mdomoni. Kinyaa alitazama mbele. Alijiambia kwamba akinyamaza mpaka Jumamosi ipite, hakuna atakayejua, na yeye atasimama mbele, kulia, mbele ya watu wote. Halafu aliyaona mawazo yake yakimnukia vibaya, akashindwa kula mchana.

Jioni alimkuta mama uani akianua nguo. Akamsaidia kukunja, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama huko hospitalini hujulikana ni nani aliyechafua shuka gani.

"Hatuulizi," mama alisema. "Shuka likiletwa, tunafua, basi. Shida ni wale wanaoona aibu wakalificha chini ya godoro. Siku tatu baadaye chumba kizima kinanuka, analaumiwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, na godoro lenyewe halifai tena."

Kinyaa alikunja shuka mara nne, akalikunjua, akalikunja tena.

"Una lipi chini ya godoro, mwanangu?"

Akamwambia yote. Mama hakumkaripia wala hakumkumbatia. Alimwambia kwamba anachotakiwa kufanya kesho anakijua mwenyewe, na asiende bila kula.

Ijumaa bendi ilipojipanga, Kinyaa alitoka mstari wa mbele kabla Koplo hajainua mkono. Alikishika kijiti kilichotafunwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akainua mdomo wa juu wazi, jino lile lionekane.

"Ni mimi," alisema. "Vijiti nilitafuna mimi, nyumbani, nikifanya hesabu. Mwanzoni sikujua. Nimejua tangu juzi, na nikanyamaza. Majasho hakutafuna hata kimoja."

Kisha mmoja akasema eeh, Kinyaa huyo huyo! Mwingine akatema mate pembeni. Mpiga ngoma aliyekuwa karibu naye alisogea hatua moja, pua imekunjwa, midomo imebinuka. Kinyaa aliujua uso ule vizuri sana. Ulikuwa wake mwenyewe, ule aliowakunjia wenzake miaka yote, na leo ndiyo kwanza aliuona kwa upande wa pili. Ulichoma kuliko alivyodhani.

Koplo akageuka akaenda kwenye ngazi ya tangi, akamshika Majasho bega, akasema mbele ya wote kwamba alimhukumu kwa sababu ya kalamu zake na viganja vyake bila kuwa na ushahidi, na kwamba mtu mzima hapaswi kufanya hivyo. Akamwomba radhi. Majasho hakujua aangalie wapi. Akarudishwa mbele, upande wa kulia.

Kinyaa akapewa karatasi ya msasa, kitambaa na sabuni. Alisugua vitako vyote, mpaka nyuzinyuzi zikaisha na mbao zikawa laini, akavifuta kwa kitambaa chenye povu kilichokamuliwa, maana Koplo alimwonya kwamba mti ukilowekwa hupinda, kisha akavikausha kimoja kimoja. Kazi ilimchukua alasiri nzima. Aligusa nongo za watu wote wanane, zikamkaa chini ya kucha, na kati ya zote zilizomchefua zaidi ni zile alama zenye pengo. Alipomaliza alinawa kwa sabuni mara moja tu, kama watu wengine.

Jumamosi, nyuma ya uwanja, Koplo alivimwaga vijiti mezani. Wapiga ngoma wakachagua, wakaviringisha, wakagonga na kusikiliza. Kinyaa alisimama nyuma akiwasubiri wamalize, kwa sababu alijua kwamba chochote atakachogusa yeye kwanza hakuna atakayekitaka. Majasho alikuwa ameshapata jozi yake. Akaitia kwapani, akarudi mezani, akaviringisha vijiti vingine vinne, akavigonga mezani sikio akiwa ameliinamisha, akatupa viwili pembeni. Viwili vilivyobaki alimletea Kinyaa mkononi.

"Hivi vina sauti moja," alisema. "Shika katikati kidogo. Usikabe."

Vilikuwa na joto na vimelowa. Kinyaa alihisi tumbo likitaka kupanda, kama kawaida yake, akaliacha lipande na lishuke. Akaweka kidole gumba upande huu, cha shahada upande ule, vidole vitatu vikazunguka. Akapiga mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto, na kwa mara ya kwanza kijiti kilirudi juu chenyewe. Mbele, Majasho alipiga mapigo yake manane, na bibi yake akasikika akipiga vigelegele mpaka watu wakageuka. Bendi ilipata nafasi ya pili. Waliowashinda walikuwa na ngoma mpya, alisema mpiga ngoma kubwa, na kila mtu akakubaliana naye upesi.

Walipokuwa wakirudisha vijiti ndooni, Koplo alimwita Kinyaa kando, akamrudishia leso yake, imefuliwa na kukunjwa.

"Usiache kuona kinyaa," alimwambia. "Kinakufanya unawe mikono, na hiyo ni afya yako. Kila mtu hapa atanawa baada ya kupiga, kuanzia leo, na hakuna kijiti kitakachokwenda mdomoni. Lakini kabla hujamkunjia mwenzako uso, jitazame wewe kwanza. Jasho la huyu kijana lingeondoka kwa sabuni. Doa ulilokuwa umempaka wewe lisingeondoka mpaka useme, na umesema. Hilo nimeliona."

Kinyaa akaitia leso mfukoni. Jozi yake bado ilikuwa mkononi, yenye unyevu wa jasho lake na la Majasho, na hakuweza kujua lipi ni la nani. Akaifuta kwa kitambaa cha bendi, akaiweka ndooni pamoja na zile nyingine, akaenda kupanga foleni bombani nyuma ya Majasho.